Mboga Nazo Zipewe Sura Relini

Tangazo mashuhuri kuliko yote yaliyotolewa na Reli ya Uganda kabla ya Vita Vikuu vya Kwanza, ambalo nakala zake zingali zikichapishwa na kuuzwa hata leo, liliwaarifu mabwana wakubwa wa Ulaya kwamba nyanda za juu za nchi hii ya Kenya zimekuwa makao yao ya kukimbilia wakati wa baridi ya kwao, na kwamba garimoshi linakatiza katika hifadhi ya wanyama iliyo kubwa kuliko zote ulimwenguni. Simba na wanyama wenziwe ndio waliopewa kazi ya kuwaita wageni. Kwa ufundi wa mkono sina neno la kulaumu, maana mchoraji alikuwa fundi; ninalolilalamikia ni lile alilolisahau, au aliloamriwa alisahau. Kwani kabla reli haijafika Nairobi mwezi wa Mei 1899, misafara iliyokwenda Uganda ilijaza vyakula vyake Dagoretti, pale Mwingereza Lugard alipojenga ngome yake mwaka 1890, na nafaka, maharage na viazi vitamu vya mashamba ya Wakikuyu viliingia katika vyungu vya wageni wa kila namna. Simba wa Tsavo alikula watu wa reli, akapewa sifa duniani kote. Kiazi kiliwalisha, wala hakikupewa hata kona ya karatasi.

Wala isidhaniwe kwamba haikuwezekana. Huko Marekani, mwaka 1908, kampuni ya reli ya Northern Pacific ilimpata msimamizi wa mabehewa ya kulia chakula aitwaye Hazen Titus, ambaye, kama isimuliwavyo, aliwasikia wakulima wa bonde la Yakima wakinung'unika ndani ya garimoshi kwamba viazi vyao vimekuwa vikubwa kupita kiasi, havina mnunuzi, na mwisho wake ni kutupiwa nguruwe. Titus akavichukua, akavioka polepole mpaka vikalainika, akaamuru kila msafiri apakuliwe kiazi kizima cha ratili mbili au zaidi kwa senti 10. Toka hapo kiazi kikawa ndicho nembo ya reli ile: kikachorwa kwenye kadi za posta na vipeperushi, na mwaka 1914, kampuni ilipojenga jumba la majiko yake mjini Seattle, juu ya paa likawekwa sanamu la kiazi lenye urefu wa futi 40, na macho yake yalikuwa taa za umeme zilizokonyeza wapitao. Reli nzima, yenye milima, maporomoko na mbuga za kujivunia, ilikubali kujulikana kwa kiazi. Na mkulima aliyekuwa akilisha nguruwe akapata soko.

Hilo la mwisho ndilo linalonivuta zaidi ya yale macho ya umeme. Sura iliyochorwa kwenye kiazi haikuwa mzaha wa kumchekesha mtoto. Ilikuwa ahadi kwamba ukipanda garimoshi hili utakula kilicholimwa kandoni mwa njia yake, na ahadi ilitimizwa mezani kila siku kwa miaka mingi.

Sisi kwetu mambo yalikwenda kinyume. Wakati wa Vita Vikuu vya Pili, Wizara ya Chakula ya Uingereza, katika kuwashawishi raia wake wale mboga walizolima wenyewe, iliwatungia wahusika wa katuni, Potato Pete na Doctor Carrot, wenye miguu, kofia na maneno ya kutia moyo; watoto wa London wakawajua kama wanavyowajua majirani. Katika miaka hiyo hiyo, huko Karatina, palipo na stesheni katika njia ya reli iendayo Nanyuki, serikali ya kikoloni ilianzisha kiwanda cha kukausha mboga kwa ajili ya askari, na kingine Kerugoya, na wakulima wa Nyeri na Kirinyaga wakalima karoti, kabeji na viazi kwa wingi ambao haukuwa umepata kuonekana. Karoti ya Kiingereza ikaitwa daktari. Karoti ya Karatina ikakaushwa, ikatiwa katika mifuko, ikapakiwa, ikaenda zake vitani bila jina wala sura. Na vita vilipokwisha viwanda vikafungwa, mkulima akabaki na uchungu ambao wazee wa kule waliukumbuka muda mrefu. Fauka ya hayo, katika miaka ya 1920 sera ya nauli za reli iliyabeba mahindi ya masetla kwa bei nafuu huku mzigo ukiwaelemea wengine, pamba ya wakulima wa Uganda ikiwa miongoni mwao. Kwa hiyo kimya kile cha matangazo kilikuwa na sababu yake: mwenye kutangaza alijua ni mazao ya nani anayotaka yaonekane.

Yako mambo, hata hivyo, ambayo bango halikuhitajika kuyasema, kwa kuwa yalijisema yenyewe. Aliyesafiri kwa garimoshi la zamani la Mombasa anakumbuka namna ndizi, maembe, machungwa na madafu yalivyofika dirishani pa behewa kwa mikono ya wachuuzi, katika Voi, Mariakani na vituo vingine, na msafiri akaijua nchi kwa ulimi kabla hajaijua kwa macho. Garimoshi jipya la reli ya kisasa, lililoanza safari mwaka 2017, lina raha zake na sizikanushi. Lakini madirisha yake hayafunguki, stesheni zake zimejitenga na miji, na mchuuzi hana mlango. Tunda lililozoea kuja lenyewe halina tena njia ya kuja. Ndiyo maana nasema wakati wa kulichora umefika.

Na wachoraji tunao. Mtu apite Kangemi chini ya barabara ya Waiyaki Way, au aingie Kawangware hadi sokoni, atazame kuta za mabucha, hoteli na vibanda vya maji ya matunda, ataona kazi ya mafundi ambao hawakusomea popote zaidi ya mikono yao: ng'ombe atabasamuye, kuku aliyefunga tai, embe lenye macho ya huba. Hawa ni warithi halali wa kazi ambayo Reli ya Uganda iliwapa wachoraji wa kuwapendeza mabwana wa Ulaya. Treni ya abiria inayotoka stesheni kuu ya Nairobi kwenda Limuru inapita Kibera, ambako wachuuzi wa mboga wamepanga meza zao hatua chache kutoka kwenye reli, na ambako sukuma wiki huoteshwa ndani ya magunia kwa kukosa ardhi; inapita Dagoretti, ambako mabonde yanazaa nduma; inafika Kikuyu kwenye viazi tuviitavyo waru, kisha Limuru kwenye kabeji na plamu. Kila stesheni ina mhusika wake tayari, anangoja kalamu tu. Sukuma Wiki wa Kibera achorwe amesimama ndani ya gunia lake, kifua mbele. Nduma wa Dagoretti awe mzee wa heshima, mwenye tope magotini. Plamu wa Limuru avae sweta, maana baridi ya kule inajulikana.

Watakuwapo wa kuniambia kwamba huo ni utoto, na kwamba fedha zitengeneze mabehewa kwanza. Hoja hiyo naijibu upesi: gharama ya rangi na mafundi wa mtaani haitoshi kununua gurudumu moja. Ipo hoja nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni kwamba kabeji inayocheka ukutani yaweza kumficha mkulima anayelia sokoni, akilipwa na dalali bei isiyorudisha hata mbegu. Hoja hii naikubali kwa moyo wote, na kwa insafu siwezi kutetea uchoraji wowote unaoipuuza. Kiazi cha Northern Pacific kilistahili sura yake kwa sababu reli ilikinunua.

Basi Shirika la Reli lianze na behewa, si rangi. Soko la Wakulima, tuliitalo Marikiti, haliko mbali na stesheni kuu. Mama mboga wa Kikuyu au Limuru aweza kushuka na mzigo wake na kufika kwa mkokoteni kabla jua halijapanda, kama tu treni ya alfajiri itakuwa na behewa moja lisilo na viti, lenye milango mipana, na nauli ya gunia iliyo chini ya ile anayotozwa na matatu au pikapu. Behewa hilo likishapatikana, waitwe mafundi wa Kangemi na Kawangware, walipwe kwa haki, watie saini majina yao, walipambe nje kwa wahusika wa kila stesheni. Na bei ya kubeba gunia iandikwe kwa herufi kubwa, kwa Kiswahili, pale pale chini ya miguu ya Waru wa Kikuyu, ili kondakta asipate nafasi ya kuibadilisha.