Kitabu cha Marehemu Baba



Mama mmoja, mke wa askari hapa Juba, atuuliza juu ya kitabu cha kufundishia kusoma Kidinka alichoachiwa mumewe na marehemu babaye. Mchwa wamekwisha kula jalada, na uhamisho umekaribia. Je, aukate mgongo wa kitabu ili kurasa zipite upesi katika mashine, wapate kukisoma katika kifaa cha kusomea vitabu?

Asikate. Mwaka 1928, huko Rejaf, karibu kabisa na mji huu, mkutano uliamua lugha zipi za Kusini, miongoni mwazo Kidinka, Kibari, Kinuer na Kizande, ziandikiwe vitabu vya shule kwa herufi za Kirumi. Vitabu vya namna hiyo vikipotea, aghalabu havipatikani tena dukani. Hata nyaraka za serikali zilikaa miaka kadhaa ndani ya hema hapa Juba, zikiliwa na wadudu, kabla ya kuhamishwa na kupigwa picha kwa msaada wa Rift Valley Institute.

Simu yenye kamera yatosha. Kitabu kilazwe kando ya dirisha asubuhi, kabla vumbi halijatimka. Kisifunguliwe kupita kiasi, bali kiegemee mito miwili. Ukurasa uliokunjamana ulazwe chini ya kioo safi, na taa ya simu izimwe, maana humeremeta juu ya kioo. Mtoto aweza kugeuza kurasa, mikono ikiwa mikavu.

Katika kifaa cha inchi 6, picha hizo zitakuwa na herufi ndogo kama chawa. Ndipo hutumika programu ya kutambua herufi, nayo hugeuza picha kuwa maandishi yawezayo kukuzwa. Hapo pana hatari: programu huweza kusoma ɛ kuwa e, ɔ kuwa o, na ŋ kuwa n. Katika Kidinka hilo si kosa dogo. Neno hubadilika maana. Nyanya ajuaye lugha amsikilize mtoto akisoma, asahihishe. Picha za awali zisifutwe, na nakala moja akabidhiwe ndugu asiyehama.

Kifaa hula umeme kidogo mno. Sola ya kambini yakitosha. Nakala hiyo ni ya kusomwa nyumbani, si ya kuuzwa Konyo Konyo.

Kitabu chenyewe kifungwe kwa kitambaa kikavu, kitiwe katika sanduku la bati, nalo liinuliwe juu ya matofali.