Maji ya Moto Hukaa Juu

Wako wenye matangi ya kupashia maji walalamikao kwamba kuni zaisha upesi na maji hayapati moto. Mara nyingi kosa si la kuni. Maji yapatapo moto hutanuka yakawa mepesi: lita moja ya maji ya digrii 20 ina uzito wa gramu 998, na ya digrii 80 gramu 972 tu. Kwa hiyo ya moto hupanda, na baridi hushuka.

Basi bomba la kuingiza maji baridi lifike chini kabisa ya tangi, na la kutolea liwe juu. Yakimwagwa kutoka juu, huzama kati ya yale ya moto, yote yakawa vuguvugu. Watoto wasifungue bomba la kutolea. Maji ya digrii 60 huunguza ngozi kwa sekunde chache.