Mgongo uliopasuliwa: miaka inayofuata



"Nikipasuliwa kiuno, nitapona kabisa ao yatarudi?" Ndilo swali la mama mmoja wa likelemba yetu. Miezi miwili sasa maumivu yanamtoka kiunoni na kushuka mpaka unyayoni. Familia inataka kuuza shamba ili kulipa upasuaji. Tumesoma, na tunamjibu pamoja nanyi wote.

Kati ya mifupa ya uti wa mgongo kuna diski, mfano wa vimito vidogo. Diski ikipasuka, nyama yake laini inatoka na kukandamiza mshipa wa fahamu unaoenda mguuni. Daktari anaondoa kile kipande. Kwa hiyo upasuaji unasaidia zaidi maumivu ya mguu kuliko ya kiuno.

Katika Norvegi, daktari Weber alifuata wagonjwa kwa miaka 10. Mwaka wa kwanza, waliopasuliwa walikuwa vizuri zaidi. Miaka 10 ilipotimia, hapakuwa tena na tofauti kubwa kati yao na wale ambao hawakupasuliwa. Katika Uholanzi, mwaka 2007, watafiti waliona vilevile: waliopasuliwa mapema walipata nafuu upesi, lakini kisha mwaka mmoja makundi yote mawili yalikuwa sawa. Katika Marekani, waliofuatwa miaka 8 walionyesha faida iliyodumu kwa waliopasuliwa, lakini karibu 15 kati ya 100 walipasuliwa tena.

Basi, upasuaji unapunguza siku za mateso; hauleti mgongo mpya. Wengi wanapata nafuu bila kisu. Kwa hiyo shamba lisiuzwe kwa haraka. Kwanza mama aonane na daktari, aulize: naweza kungoja?

Lakini kuna wakati wa kutongoja. Mkojo ukikataa kutoka ao ukitoka wenyewe, choo kikiponyoka, katikati ya mapaja kukifa ganzi, ao mguu ukilegea: hospitali siku ileile. Ukichelewa, udhaifu unaweza kubaki maisha yote.

Na baada ya kupasuliwa? Kutembea ni dawa; kulala kitandani wiki nzima si dawa. Bidoni ya maji ya litre 20 ni kilo 20. Mama aliyetoka hospitalini hawezi kurudia bidoni na mzigo wa makala wenye kamba kwenye paji la uso kama jana. Hapo si uvivu. Baba na watoto, wavulana pia, wachukue bidoni. Na sisi wa kikundi tupange zamu ya kumlimia, ili lile shamba lisilouzwa lisilale.