Chunga vali ya bustani isije ikakausha tangi

SIKU hizi familia nyingi za mjini zimegeuza kipande cha ardhi kilicho mbele ya nyumba kuwa bustani ya sukuma wiki, dania na nyasi. Baadhi zimeweka vinyunyizio ili mimea inyweshwe bila mtu kushika ndoo. Hilo ni jambo la kupongezwa. Hata hivyo, aghalabu fedha nyingi hutumiwa kununulia vichwa vya kunyunyizia, huku vali, ambayo ndiyo hufungua na kufunga maji, ikinunuliwa mwisho kwa chenji iliyosalia.

Hapo ndipo balaa huanzia. Chukulia kwamba tangi lako la paani lina lita 1,000 na vinyunyizio vyatumia lita 10 kwa dakika. Vali ikikataa kufunga saa nne za usiku, itakapofika saa tano na dakika 40 tangi litakuwa kavu. Asubuhi watoto watakosa maji ya kuoga kabla ya kwenda shule, na baba hatapata chai. Isitoshe, mitaa mingi ya Nairobi imekuwa ikipata maji kwa zamu tangu Januari 2017, wakati maji yalipopungua katika bwawa la Ndakaini. Tangi likikauka leo, huenda mkangoja siku kadhaa.

Basi, ni vali ipi inayofaa?

Jambo la kwanza ni kupima kimo cha tangi. Kila mita 10 za kimo huyapa maji msukumo wa takriban baa moja. Kwa hivyo, tangi lililo mita tano juu ya bustani hutoa nusu baa tu. Vali nyingi za umeme zinazouzwa kwa ajili ya vinyunyizio zimeundwa kwa maji yenye nguvu. Ndani yake mna kiwambo cha mpira, na ni maji yenyewe yanayokigandamiza kiwambo hicho ili njia ifungwe. Msukumo ukiwa hafifu, kiwambo hakikai sawasawa, na maji huendelea kupita hata baada ya saa ya kufunga kufika. Mwenye nyumba hulaumu fundi, fundi naye hulaumu duka, kumbe vali ni nzima ila imewekwa mahali pasipoifaa.

Kabla ya kulipa, soma karatasi ya maelezo na utafute kiwango cha chini cha msukumo. Ikiwa vali yahitaji baa moja nawe una nusu, irudishe mara moja. Mwenye tangi la paani afadhali achukue vali ya umeme iliyoandikwa kwamba hufanya kazi kuanzia baa sufuri, au vali ya kawaida ya mkono. Vinyunyizio vyenyewe pia hupenda maji yenye nguvu; mahali penye msukumo mdogo, paipu za matone huinywesha mboga vizuri zaidi na kwa maji machache.

Kwa wanaopendelea vali ya mkono, kuna aina mbili zilizo maarufu. Ya kwanza ni vali ya geti, yenye gurudumu dogo unalozungusha mara nyingi. Hii hufaa kufunguliwa yote au kufungwa yote. Ukiiacha nusu, kibati kilicho ndani hutikiswa na maji kikalika, na baada ya muda haifungi tena. Ya pili ina mkono mrefu na tufe lenye tundu ndani yake. Robo ya mzunguko yatosha kuifunga. Mkono ukilala sambamba na paipu, maji yanapita, ukikingama, yamefungwa. Hata mtoto aweza kuitambua gizani, na hiyo ndiyo ningependekeza kwa nyumba nyingi.

Kuna vali nyingine ambayo watu huidharau, nayo ni ya njia moja. Maji ya mtaa yanapokatwa, paipu zilizo tupu zaweza kuvuta maji nyuma. Ikiwa mpira wa bustani umeachwa ndani ya ndoo ya mbolea au dawa ya wadudu, uchafu huo waweza kurudi katika paipu zinazopeleka maji jikoni. Vali ya njia moja huruhusu maji kwenda bustanini bila kurudi. Katika mji wa mgawo, hiyo si anasa. Na hata ukiwa nayo, usiache mpira ukiwa umezama ndani ya ndoo.

Je, utajuaje kwamba vali imechoka? Ifunge, ungoje saa moja ili maji yaliyosalia katika paipu yaishe, kisha tazama kinyunyizio kilicho chini kabisa. Kikiendelea kudondoka, weka kikombe chini yake kwa saa moja, pima maji na uzidishe kwa 24. Utajua wapoteza kiasi gani kila siku.

Usikimbilie kununua mpya. Kwa vali ya umeme, zima umeme, funga maji kutoka kwenye tangi, kisha fungua kifuniko. Mara nyingi utakuta chembe ya mchanga chini ya kiwambo. Kioshe na ukirudishe. Kikiwa kimepasuka, uliza dukani kama kiwambo cha aina hiyo huuzwa peke yake.

Ikibidi kubadilisha vali nzima, nunua yenye kipimo sawa na paipu: nusu inchi kwa nusu inchi, robo tatu kwa robo tatu. Tazama mshale ulio ubavuni. Lazima uelekee yanakokwenda maji. Zungushia ile tepu nyeupe kwenye hesi kwa kufuata upande wa kukazia. Tumia spana mbili, moja ishike paipu na nyingine ikaze, la sivyo utavunja paipu ukutani. Mwambie fundi aweke yunioni karibu na vali, ili siku nyingine isihitaji msumeno. Vali nyingi za vinyunyizio hutumia volti 24. Usithubutu kuiunganisha moja kwa moja na umeme wa nyumba.

Mwisho, weka vali ya mkono kabla ya ile ya umeme, na umwonyeshe kila mtu nyumbani mahali ilipo. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Usisahau kwamba tone na tone pia humaliza tangi.