Huruma Isimfunge Mgonjwa Kitandani

Mtu akipatwa na kiharusi kisha akanusurika, jamaa humshukuru Mungu, wakamrudisha nyumbani na kumlaza. Tangu siku hiyo hutendewa kila kitu: hulishwa, huvishwa, hata nzi hufukuziwa. Nia ni njema, na kutunza wagonjwa ni desturi yetu. Lakini katika maradhi haya, huruma ya namna hiyo yaweza kumwachia mgonjwa ulemavu ambao maradhi yenyewe hayakuuleta.

Ndiyo maana leo tunazungumzia tiba ya viungo, ambayo hospitalini huitwa fiziotherapia: faida yake, na mambo ambayo mgonjwa na jamaa zake wayatarajie.

Kiharusi hutokea damu inaposhindwa kulisha sehemu ya ubongo, ama kwa sababu mshipa umeziba ama umepasuka. Sehemu hiyo hufa, na upande wa mwili uliokuwa ukiitegemea hulegea. Mkono na mguu wenyewe havina ugonjwa; kilichokatika ni amri itokayo ubongoni. Bahati njema ni kwamba sehemu za ubongo zilizosalia zaweza kujifunza baadhi ya kazi za zile zilizokufa, mradi zifundishwe. Mafunzo yenyewe ni kurudia tendo lile lile mara nyingi, siku baada ya siku. Hakuna kidonge wala sindano iwezayo kuchukua nafasi ya kazi hiyo. Mkono usiotumiwa misuli yake hunywea, viungo hukakamaa, na ubongo huzoea kuishi bila huo mkono.

Wengi hudhani kwamba tiba hii ni kukandwa tu. Dhana hiyo ina asili yake, kwani hata chama cha wataalamu hawa nchini Uingereza kilianzishwa mwaka 1894 na wauguzi wanne waliofanya kazi ya kukanda. Lakini taaluma imekwenda mbali tangu hapo. Hapa Tanzania wataalamu wake husomeshwa, kwa mfano, pale KCMC, Moshi, nao hujifunza mifupa, misuli, neva na jinsi mwili unavyotembea.

Basi mgonjwa atarajie nini? Siku ya kwanza aghalabu ni ya kuulizwa na kupimwa. Mtaalamu atatazama nguvu za kila kiungo, jinsi mgonjwa anavyoketi, anavyogeuka na kusimama. Atamwuliza pia alikuwa akifanya kazi gani na anatamani kurudia lipi kwanza. Fundi cherehani na dereva hawana haja moja. Kisha huanza mazoezi ambayo kwa macho yaonekana madogo: kulala chali na kuinua kiuno, kuketi bila kuegemea, kuinuka kitini na kuketi tena, kunyoosha mkono ulio dhaifu kushika kikombe. Uchovu na maumivu kidogo ya misuli si jambo la kuogofya. Lakini maumivu makali ya kiungo au ya kifua, kizunguzungu au kukosa pumzi, ni lazima aache mara moja na kusema.

Mtaalamu huonana na mgonjwa saa chache tu kwa juma. Saa zilizobaki ni za nyumbani. Kwa hiyo jamaa mmoja aandamane na mgonjwa hospitalini ajifunze mazoezi hayo, hasa pale nauli ya kwenda mara kwa mara inapokuwa mzigo. Tena wazingatie haya:

Mosi, mgonjwa asiinuliwe kwa kuvutwa mkono uliopooza. Bega lililolegea huteguka upesi, na maumivu yake humkatisha tamaa ya mazoezi. Ashikwe kiunoni, na anapoketi mkono huo uwekewe mto.

Pili, tahadhari na maji ya moto. Ngozi ya upande uliopooza huenda isisikie joto, na wako waliobabuka wakikandwa bila wao kuhisi.

Tatu, asiyeweza kujigeuza ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi ili asipate vidonda vya mgongo. Daktari akisharidhika kwamba hali imetulia, aanze kuketishwa na kusimamishwa kama atakavyoelekezwa.

Nne, dawa za shinikizo la damu zisiachwe. Mazoezi hurudisha nguvu, lakini si badala ya dawa izuiayo kiharusi cha pili.

Kuhusu muda, maendeleo makubwa zaidi huonekana kwa kawaida katika miezi 3 ya mwanzo, kisha huendelea polepole hata baada ya miezi 6. Mguu mara nyingi hutangulia, vidole vya mkono hukawia. Wengine hurudi kazini. Wengine hufikia kwenda msalani kwa mkongojo bila kushikwa. Hilo la pili lisidharauliwe, kwani ni heshima ya mtu mzima kurudishwa mikononi mwake. Kosa kubwa ni kuacha tiba baada ya majuma mawili kwa sababu muujiza haujaonekana.

Wala mzigo huu asiachiwe mama wa nyumba peke yake. Baba, kaka na dada wagawane zamu. Hata mtoto wa shule aweza kumhesabia babu yake mara 10 za kusimama na kuketi.

Wahenga walisema mgonjwa haulizwi uji. Huyu wetu na aulizwe. Na ikiwa daktari ameridhika kwamba anameza bila kupaliwa, aketishwe wima, apewe kijiko, na aachwe ajaribu mwenyewe, hata kama nusu ya uji itamwagika. Haba na haba hujaza kibaba.