Ngazi za Michenzani ni za Nani?

Kabla ya Mapinduzi ya 1964, tajiri wa Unguja alikaa nyumba ya mawe Mji Mkongwe. Mnyonge alikaa Ng'ambo, katika nyumba ya udongo na makuti. Mzee Abeid Karume aliazimia kuifuta tofauti hiyo. Kwa msaada wa wataalamu wa Ujerumani Mashariki zikajengwa nyumba za Kilimani na Kikwajuni, kisha majumba marefu ya Michenzani. Hata Bambi na Makunduchi, huko shamba, zikapata fleti zao. Wananchi waligawiwa bila ya kutozwa kodi. Ilikuwa haki, ingawa wengi walivunjiwa kwanza nyumba zao, na hilo nalo lisifichwe.

Kasoro imo katika matunzo. Kila mkaazi hupaka rangi ndani ya mlango wake. Ngazi, paa na mabomba humngojea Serikali. Kwa miaka mingi ndoo za maji zilipandishwa ghorofani kwa mikono, na waliozipandisha ni pamoja na walimu na makarani. Wao wanajua hesabu na kuandika kumbukumbu. Basi kila jumba liunde kamati yake, mchango wa mwezi ukusanywe kwa stakabadhi, na Shirika la Nyumba litoe mafundi.