Pete Si Panga

"Chuma kikitoka motoni, kitose majini kiwe kigumu." Mhunzi wa mapanga akisema hivyo, hana kosa. Kosa ni la anayeuchukua usemi huo akaupeleka mezani kwa sonara. Dhahabu nyekundu ya karati 18, yaani robo tatu dhahabu na robo shaba kwa uzito, hufanya kinyume. Itose majini ingali inawaka, itatoka laini, tayari kwa nyundo. Iache ipoe taratibu juu ya tofali, itakuwa ngumu na huenda ikapasuka ukiikunja. Wapo wanaosingizia shaba chafu. Shaba yaweza kuwa safi kabisa na ufa ukatokea vilevile.

Nyuma ya kosa hilo kuna jingine, na naliona ndilo mama yao wote: kwamba aloi ni mchanganyiko tu, kama sukari kwenye chai, kila atomi imekaa popote. Juu ya nyuzi 410 hivi za Selsiasi, dai hili lina ukweli. Fuwele ina nafasi zake maalumu, ila nani akae wapi ni bahati nasibu. Chini ya hapo mambo hubadilika, kwa kuwa dhahabu hupenda jirani wa shaba na shaba hupenda jirani wa dhahabu. Piga hesabu: atomi moja ya dhahabu ina uzito wa atomi tatu hivi za shaba, kwa hiyo katika karati 18 idadi zao zinakaribia kulingana. Zikipewa muda, hujipanga tabaka la dhahabu, tabaka la shaba, tena la dhahabu. Mchemraba wa fuwele uliokuwa sawa pande zote hufupika upande mmoja, ukabaki mfupi kuliko pande nyingine kwa asilimia 7 hivi. Na kwa kuwa kila sehemu ya pete hufupika kuelekea upande wake, ndani hubaki mvutano. Huo ndio ugumu anaokutana nao sonara. Maji huziwahi atomi kabla hazijapangana.

"Kitu kigumu atomi zake hazitembei." Zinatembea. Katika safu ya swala, mmoja akitoka, wa nyuma husogea kuziba pengo, na pengo likahamia nyuma. Fuwele nayo haikosi mapengo, na moto huyaongeza. Metali ikishapoa kabisa, mwendo huo huwa wa polepole mno.

Husemwa pia kwamba ukijua uwiano wa metali, umejua kila kitu. Mkemia Mrusi Nikolai Kurnakov na wenzake walionyesha mwaka 1916 kwamba sivyo. Aloi ya atomi tatu za shaba kwa moja ya dhahabu, karibu karati 12, ikipozwa polepole hupitisha umeme vizuri zaidi sana kuliko ikitoswa majini, ingawa hakijaongezwa wala kupunguzwa kitu. Mwaka 1925 Johansson na Linde wa Sweden waliipima kwa eksirei, na mistari ya ziada ikafichua mpango wenyewe: dhahabu kwenye kona za mchemraba, shaba katikati ya nyuso zake. Kona nane, kila moja ikigawanywa kwa michemraba minane, zinatoa atomi moja. Nyuso sita, kila moja ya michemraba miwili, zinatoa tatu.

Anayesema haya ni ya maabara tu aitazame injini ya ndege. Mapanga ya turbini yake hutengenezwa kwa aloi za nikeli zilizojaa chembe za nikeli tatu kwa alumini moja, zenye mpango uleule wa kona na nyuso. Chembe hizo huzidi kuwa imara joto linapopanda, hadi nyuzi 700 na kitu.

Limebaki dai la "pete imeshaharibika, iyeyushe upya". Kama haijapata ufa, usiiyeyushe. Ipashe hadi iwake wekundu hafifu, kisha itose majini papo hapo, uendelee na nyundo.